Nilikwenda kushona mapazia ya hoteli kwenye pwani ya jangwa, nikarudi Johannesburg bila Kazadi

Wakuu, nawasalimu wote, wa nyumbani na wa ughaibuni. Naandika nikiwa Bertrams, hapa Johannesburg, na mtaani kwetu leo ni siku ya tatu bomba halitoi kitu.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara chache sana. Haya ninayosimulia yamenipata mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, na mbele mtaelewa kwa nini chumvi nimeichoka.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Kijiji na hoteli sitavitaja kabisa.

Kilichonifanya niandike ni jambo la jana. Gari la maji lilikuja, tukapanga foleni na ndoo zetu. Nyuma yangu mwanaume akawa anaongea na simu, akasema, "Mayi njo inafika sasa."

Nikageuka haraka mpaka ndoo ikamgonga mama aliyekuwa mbele yangu.

Hakuwa yeye. Alikuwa mtu mwingine tu wa Kongo, ameshika dumu, ananishangaa.

Nikaomba radhi, nikachota maji yangu, nikarudi ndani. Nilikaa kitandani karibu nusu saa bila hata kuvua viatu.

Basi ngoja nianzie mwanzo.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Pangani, Tanga. Johannesburg huu ni mwaka wa kumi na nne. Nina binti mmoja, Zuhura, amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Baba yake tuliachana zamani, na hilo si la uzi huu.

Nilikuwa nashona kwenye duka la mapazia Kensington. Mwenye duka ni mama wa Kizungu, tumwite Lorraine, mtu wa haki, sina baya naye. Siku moja akapata tenda ya mapazia, vyandarua na mito ya hoteli mpya. Hoteli ya mahema, lakini mahema yenyewe yana sakafu za mbao na vitanda vya kifahari.

Akataka fundi akakae hukohuko saiti, kwa sababu kila hema lina vipimo vyake na upepo wa kule unararua ovyo. Miezi mitatu. Akaniuliza kama nitaweza.

Nikamuuliza ni wapi. Akanijibu, "At the coast."

Jamani, mimi mtu wa Pangani. Nikisikia pwani, kifua kinafunguka. Zuhura nikamwacha kwa rafiki yangu mwenye saluni Yeoville, nikafungasha nguo zangu, na juu yake nikaweka kanga mbili za kuvaa ufukweni.

Nilijicheka mwenyewe nilipofika.

Tulisafiri siku mbili kwa bakkie, ndiyo pikapu ya huku, cherehani imefungwa nyuma na kamba. Tukapita miji ya migodi, tukapita mashamba ya kondoo, halafu vyote vikaisha. Saa tatu za mwisho, kwenye barabara ya kokoto, tulipishana na magari mawili tu.

Pwani ya kule, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Namibia, ni jangwa linaloishia baharini. Hakuna mnazi wala kivuli. Mchanga una rangi ya unga uliokandwa, na vichaka vinafika magotini. Bahari ni ya kijivu, baridi mpaka miguu inauma, na mwani wake ni mnene kama mipira ya kumwagilia, umetupwa ufukweni unanuka.

Kila asubuhi ukungu unaingia kutoka baharini, unalowesha kila kitu. Ikifika saa nne umeshapotea, na wewe hujakinga hata kikombe.

Kanga zangu zilibaki kwenye begi. Nililala na koti.

Sasa mtaniuliza, hoteli ya nini mahali kama hapo? Nami niliuliza. Lorraine akaniambia wageni wanapapenda kwa sababu hakuna kitu, wanataka kimya. Sawa. Lakini kila hema lilikuwa na beseni kubwa la kuogea, nje, kwenye baraza la mbao, likitazama bahari. Na pembeni yake bwawa dogo la kujitumbukiza, ukubwa wa chumba changu cha Bertrams. Mahema yalikuwa kumi na mawili.

Makontena ya kulala wafanyakazi yalijaa wanaume, kwa hiyo mimi nikatafutiwa chumba kijijini, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nyumba kama thelathini za watu wa asili ya kule, wanaongea Kiafrikaans. Wazee wao walifuga, wengine walichimba almasi mpaka migodi ilipofungwa. Walibaki wazee wengi na mbuzi.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, Ouma Sanna. Ouma kule ndiyo bibi. Mwembamba, mfupi, kitambaa kichwani hakitoki. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinakutana katikati.

Siku ya kwanza alinionyesha jikoni. Ndoo mbili, zina vifuniko. Akaniambia hizo ndizo za siku nzima, zake na zangu. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja chenye pampu ya upepo, kinajaza tangi la saruji, na mabomba matano yamesimama barabarani.

Maji ya kunawa uso yanaoshea vyombo, ya vyombo yanamwagiwa ua moja alilolipanda kwenye kopo la rangi. Nilipotaka kutawadha, nikachukua kikombe kimoja tu. Alisimama mlangoni akaniangalia mpaka nikamaliza miguu. Akasema, "Your God is a careful one." Tangu siku hiyo tukapatana.

Mvua ya mwisho ya maana alinisimulia kwa kutaja watu waliokuwa hai wakati ule. Mume wake alikuwa hai. Dada yake alikuwa hai. Hivyo ndivyo alivyohesabu.

Nilifanya kazi wiki mbili bila kuongea Kiswahili na mtu uso kwa uso. Asiyewahi kukaa hivyo hawezi kujua. Unaanza kuota kwa lugha yako, unaamka unataka kumjibu mtu, hayupo.

Wiki ya tatu, Ijumaa, nilikuwa napima pazia la hema la mwisho, lile la upande wa mto mkavu. Nikasikia mtu anahesabu nje.

"Moya. Mbili. Tatu. Ine."

Nikadhani ni masikio yangu. Nikatoka na pini mdomoni.

Mwanaume mrefu, kama miaka arobaini na tano, ovaroli ya bluu imechanika begani. Amechuchumaa kwenye bomba la chuma lililotoka ardhini, anateremsha tepu ndefu ndani yake. Tepu ilipogusa maji huko chini na kulia kama kengele ndogo, akaacha kuhesabu, akaandika.

Nikamwambia, "Kaka, wewe ni Mswahili?"

Aliinua kichwa taratibu sana. "Miye natoka Likasi, mama. Weye?"

"Tanga."

"Tanga," akarudia, kama mtu anayeonja chakula. Kuanzia hapo akaniita Mama Tanga, na jina langu halisi hakulitumia tena.

Huyo ndiye Kazadi. Fundi visima kutoka Kongo. Alikuwa amekaa Yeoville miaka sita, tunapita barabara ileile ya Rockey, tunanunua dagaa kwa mama mmoja, na hatukuwahi kuonana. Tulikwenda kuonana jangwani.

Naona kuna mdau hapo chini ameshauliza kama "tulikuwa na kitu". Nitajibu kwa adabu. Mke wake alifariki wakiwa njiani kuja huku kusini. Ana watoto wawili kwa mama yake Likasi. Mimi nina uhuru wangu. Yeye ni wa kanisani, mimi ni wa msikitini. Hatukufanya lolote la kuficha. Lakini nilikuwa namaliza kazi mapema kila siku, nakwenda kukaa kwenye jiwe karibu na mtambo wake wa maji, na yeye alikuwa ananiwekea boksi juu ya jiwe lile ili nisipate baridi.

Kama hicho si kitu, basi sijui kitu ni nini.

Nilimshonea bega la ovaroli. Alinipikia bukari, ndiyo ugali wao, kwa samaki wa kukausha mwenyewe. Tulikuwa tunabishana Kiswahili. Mimi nasema maji, yeye mayi. Mimi watu, yeye batu. Nilikuwa namsahihisha, ananijibu, "Mama Tanga, hii kiswahili ni ya bote, weye umeikodi tu." Ninacheka hata sasa.

Alisema mkataba ukiisha atakuja Bertrams kumsalimia Zuhura. Alisema hivyohivyo, kumsalimia Zuhura. Kwa umri wetu, mwanaume anayetaka kumsalimia binti yako anajua anachokisema, na wewe unajua.

Sasa tuje kwenye maji.

Siku moja hoteli ilijaribu mabeseni na mabwawa yote kwa pamoja, kuona kama yanavuja. Yalijazwa asubuhi kwa maji ya kisima cha hoteli, kumi na mawili kwa kumi na mawili, yakakaa mpaka jioni, halafu yakafunguliwa. Maji yote yakaingia mchangani. Nilikuwa juu ya ngazi natundika chandarua. Nikaangalia mchanga unavyoyameza, kwa dakika chache ukawa mkavu kama hakuna kilichotokea.

Wiki ile chai ya Ouma ikabadilika ladha. Nikadhani kakosea kopo la sukari. Yeye alikunywa yote.

Nilipomuuliza Kazadi, alifuta tepu yake na kitambaa, akaikunja yote.

"Mayi inashuka, Mama Tanga. Kila juma inashuka."

Akanieleza kwa mikono. Mkono mmoja ni maji matamu, yanatoka juu, yanapita chini ya mchanga wa mto mkavu. Mkono wa pili ni bahari. "Mayi tamu inalala huku, bahari inasukuma huku. Ukivuta sana, bahari inaingia mu nafasi." Na kisima cha kijiji kilikuwa katikati.

Nikamuuliza kama amemwambia meneja wa hoteli.

"Nilimwambia. Akasema niandike ile ya kwanza. Kila Ijumaa, niandike ile ya kwanza."

Maana yake, kwenye kitabu cha hoteli kipimo cha wiki ya kwanza kilirudiwa kila wiki, kana kwamba kisima hakijaguswa. Vipimo vya kweli Kazadi aliviandika kwenye kidaftari chake mwenyewe, chenye jalada jekundu, kwa sababu fundi hawezi kupima halafu asiandike. Alinionyesha. Mwandiko mzuri, tarehe zote.

Kisha akaniomba. "Tafazali, usiseme. Makaratasi yangu bado iko kwa ofisi. Bakinifukuza hapa, nitaonyesha nini?"

Nikamwahidi. Niliahidi kwa mdomo wangu huu.

Wakuu, ahadi ile niliibeba kama wiki nne. Mchana niko na Kazadi kwenye jiwe, jioni niko na Ouma jikoni, na katikati nina siri. Mbuzi wa jirani wakaanza kusogelea maji, wananusa, wanaondoka. Ua la kwenye kopo likawa na ncha za kahawia. Mimi kutawadha nikaacha, nikawa natayamamu kwa mchanga, ili ndoo zimtoshe bibi.

Ouma alikuwa na presha. Nesi wa kliniki ya gari alishamkataza chumvi miaka mingi, na kweli chakula chake hakikuwa na chumvi hata chembe. Sasa chumvi ikawa inamfuata kupitia bomba.

Jumanne moja asubuhi nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, kitambaa kimemtoka kichwani. Mara ya kwanza kuona nywele zake. Alikuwa anajaribu kuniambia kitu na mdomo umeenda upande.

Jirani akamchukua na bakkie mpaka hospitali ya mji wa karibu, na karibu ya kule ni mwendo wa saa moja na nusu. Nilikaa naye nyuma, kichwa chake mapajani kwangu, nimemfunika kanga. Zile kanga za ufukweni, ndiyo kazi ziliyofanya.

Mungu ni mwema, ilikuwa kiharusi kidogo. Siku tisa akarudi, mguu mmoja unaburuta, akili timamu.

Nilikwenda kwa Kazadi nikamwambia hali. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaondoka kuelekea ufukweni, akatembea mpaka akawa mdogo. Mimi nikachukulia kwamba amechagua kibali chake cha kukaa nchini. Nilimkasirikia, nawaambia ukweli. Siku tatu sikwenda kwenye jiwe.

Halafu ukaja mkutano.

Hoteli ilitaka kuchimba kisima cha pili. Ilihitaji wanakijiji wasaini kwamba hawana pingamizi. Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa, watu karibu wote. Ouma aliingia ameniegemea, tukakaa mstari wa pili. Mchungaji alikaa kwenye meza ya mbele, meneja akasimama pembeni na kitabu cha hoteli. Kazadi kasimama ukutani nyuma yake, ovaroli yake safi, bega nililolishona mimi.

Meneja aliongea vizuri. Ajira, barabara, mtandao. Halafu akafungua kitabu akasoma vipimo, kila wiki namba ileile. Akasema kama bomba la kijiji lina chumvi, basi ni ukame, ni Mungu, hoteli haihusiki. Akaongeza, "Our technician is here, he will confirm."

Wakati huohuo karatasi ya kusaini ilikuwa inapita. Mstari wa kwanza wote walishasaini. Ikafika kwetu. Ouma akashika kalamu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Must I?"

Nikamtazama Kazadi. Alikuwa anaangalia chini. Mkono wake ulikuwa kifuani, ndani ya ovaroli. Nikadhani ameshikwa na woga.

Nikamwita kwa Kiswahili, watu wote wakageuka. "Kazadi, waambie."

Akainua macho. "Mama Tanga, tafazali. Nyamaza kidogo."

Mimi nilisikia nyamaza. Hilo kidogo nililisikia baadaye sana, nikiwa kwenye basi la kurudi.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza changu cha Bertrams kwamba kitabu kile ni cha uongo, kwamba maji yanashuka kila wiki, kwamba kuna kidaftari chekundu chenye ukweli wote, na mwenye nacho ni yule pale. Nikamnyooshea kidole.

 Meneja akamgeukia Kazadi, akamuuliza kama ni kweli.

Kazadi akatoa mkono kifuani. Kidaftari kilikuwa mkononi tayari. Akasogea mbele, akasoma, Ijumaa moja baada ya nyingine, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakuniangalia hata mara moja. Alipomaliza akakiweka mezani mbele ya mchungaji, akatoka.

Ouma aliiweka kalamu chini. Waliokuwa wamesaini wakaidai karatasi yao, mchungaji akaichana palepale.

Mimi nilibaki nimesimama, na nitasema lililo kweli: nilijiona shujaa. Nilijiona nimempa mwanaume ujasiri.

Asubuhi yake nikasikia ameachishwa kazi na anaondoka na lori la mkate. Nikakimbia mpaka dukani linaposimama. Nilimkuta amekaa kwenye begi lake. Nilikuwa nimebeba mkate na samaki wa kukaanga kwenye mfuko. Akapokea, akashukuru.

Nikamwambia anisamehe kwa kumwingiza matatani.

"Matata, hapana," akasema. "Ile nilijua itafika."

 Halafu akaniuliza taratibu, bila ukali wowote, "Ile kidaftari nilikuya nayo mu mufuko. Uliwaza nilikuya nayo ya nini?"

Ndipo akanieleza.

Siku zile tatu ambazo sikwenda kwenye jiwe, alikuwa anajiandaa. Alikuwa amempigia mama yake Likasi, amemwambia huenda kazi itaisha. Alikuwa ameifua ovaroli. Alikuwa anangoja meneja amalize na amwite, asimame, aseme.

"Ungeniacha niseme miye mwenyewe," akasema. "Sasa bale batu bataniona mutu aliyeshikwa. Miye nilitaka banione mutu aliyesema."

Nikamwambia karatasi ilikuwa imefika kwa Ouma, kalamu ilikuwa mkononi. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema anaelewa. Na nina hakika alielewa, ndiyo maana inaniuma zaidi. Angenitukana ningepona mapema.

Lori likawashwa. Akapanda mbele, akaweka mfuko wa samaki mapajani. Nikaliangalia mpaka vumbi lake likatulia, na kule vumbi linachelewa kutulia.

Mimi nilimalizia vyandarua viwili vilivyobaki, kwa sababu Lorraine hakuwa na kosa. Meneja hakuniongelesha tena. Nikarudi Johannesburg kwa basi.

Kuhusu kijiji: kisima cha pili hakikuchimbwa. Watu wa maji wa serikali walikuja na tepu zao wenyewe. Hoteli ilifunguliwa, lakini mabwawa ya mahemani yamefukiwa, na pampu yao wamewekewa kikomo. Mpwa wake Ouma hunitumia sauti yake kwa WhatsApp. Anasema chumvi bado ipo ila imepungua, mbuzi wamerudi kunywa. Mguu bado unaburuta. Ananiuliza kila mara, "And the tall one?"

Namjibu sijui.

Nimemtafuta. Simu yake inaita inakatika, kisha ikaacha hata kuita. Nilikwenda kanisani kwake Yeoville, mimi na mtandio wangu, nikasimama nje ibada nzima. Mzee wa kanisa, mtu mpole, aliniambia Papa Kazadi alipita mara moja tu kuchukua sanduku lake. Wengine wakasema amekwenda migodini Botswana, wengine wakasema Lubumbashi. Mzee akanikaribisha niingie nikae. Nikamwambia nashukuru, nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Zuhura juzi aliniuliza kwa Kiingereza chake, "Ma, why don't you just find someone here?" Nikamwambia amalizie homework.

Sina namna ya kumweleza. Namkumbuka mtu ambaye sikuwahi hata kumshika mkono. Namkumbuka anavyohesabu. Namkumbuka anavyosema "bote". Nikipita Rockey Street na kusikia Kiswahili cha Likasi dirishani kwa mtu, natembea taratibu mpaka sauti iishe.

Nilichojifunza si kwamba nilikosea kusema. Kama isingesemwa, Ouma angesaini, na kisima kingechimbwa. Ila siri ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hatua tano kutoka kwangu, na mimi nilishamhukumu siku tatu kabla bila kumuuliza swali moja. Nilimwamini kwenye bukari, kwenye jiwe, hata kwa binti yangu. Kwenye jambo lililokuwa kubwa kuliko yote, sikumwamini.

Basi nawaachia ninyi. Wa kunilaumu alaumu, nimekaa kusoma kila jibu. Wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Botswana, kama mnamjua fundi visima mrefu, mpole, msimpe namba yangu, anayo. Mwambieni tu sijaibadilisha.

Na mniambie kwa kweli: kalamu iko mkononi mwa bibi mgonjwa, mwanaume unayempenda ameinamisha macho. Wewe ungemsubiri dakika ngapi?